Nazungumzia mitandao, nao wako mitandaoni

Shangazi anajibu barua za wasomaji

Safari hii nimeziweka pamoja barua za watu wenye kazi moja. Ni walimu, maofisa wa kata na viongozi wa vijana, watu wanaosimamishwa mbele ya wenzao na kuambiwa wazungumzie mitandao ya kijamii, halafu hadhira inawashinda. Kazi hiyo ndiyo inayonilisha sasa. Kabla yake nilikaa miaka mingi dirishani nikiwa wakala wa fedha hapa Morogoro, na mengi ninayoyasema mbele za watu nilijifunza pale kibandani.

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa malezi na unasihi katika sekondari ya kata. Mkuu wa shule alinipa kipindi cha kuzungumza na kidato cha tatu na cha nne juu ya matumizi mabaya ya mitandao. Niliwakusanya bwaloni baada ya chakula cha mchana, wanafunzi kama mia mbili. Nilipotaja picha za utupu walicheka, wavulana wa nyuma wakapiga miluzi. Niliwasomea sheria, ndiyo kwanza wakazidi. Nifanye nini nisikilizwe?*
*Mwalimu, Kilosa*

Marahaba, Mwalimu, na pole. Kicheko hicho usikidharau, kina habari ndani yake. Ukitaja picha za utupu mbele ya vijana mia mbili, mle ndani yumo msichana ambaye picha yake imekwisha kuzunguka, yumo mvulana aliyeizungusha, na wapo wengi walioiona. Wanajuana. Asiyejua ni wewe peke yako. Kucheka ni njia ya haraka ya kila mmoja kuonyesha kwamba yeye hayumo, na asiyecheka anaogopa atatazamwa.

Ndiyo maana sheria iliwazidisha. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 na mimi naitaja, kwa kuwa ipo na ina meno: kusambaza habari za uongo kwa kukusudia kunaweza kukupatia faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Lakini naitaja mwishoni. Ukianza nayo, binti anayetishwa na mtu mwenye picha yake anajihesabu mhalifu, anafunga mdomo, na yule anayemtisha anazidi kupata nguvu.

Kwa hiyo kazi yako ya kwanza iko ofisini kwa mkuu wa shule. Simu ni marufuku kwa wanafunzi, na sote tunajua zipo: chini ya nguo ndani ya sanduku, kwa mama lishe anayezichaji, kwa kaka mtu nyumbani. Mtoto anayetishwa kupitia simu aliyoificha hawezi kumwendea mwalimu, kwani swali la kwanza atakaloulizwa ni simu kaitoa wapi. Mwombe mkuu akubali jambo moja, na alitamke yeye mwenyewe mbele ya wanafunzi: atakayekuja kusema ameumizwa mtandaoni hataadhibiwa kwa kosa la simu. Akikataa, Mwalimu, ahirisha hicho kipindi. Utakuwa unawahimiza watoto waseme mahali ambapo kusema kutawaponza.

Pia achana na bwalo. Watu mia mbili ni mkutano wa hadhara, na baada ya ugali na maharage hata mtu mzima anasinzia. Omba mkondo mmoja mmoja, darasani mwao, asubuhi.

Sasa ingia na daftari la kaunta ulilokwisha kulichana vipande vya ukubwa wa kiganja, vyote sawa. Gawa. Waambie kila mtu aandike jambo moja la kwenye simu lililompata yeye au mtu anayemjua, bila kutaja jina. Asiye na la kuandika anakili mstari wa kwanza wa wimbo wa taifa. Usiuruke mstari huo wa wimbo, ndio unaoifanya kazi: kalamu zote zinakwenda kwa pamoja, na hakuna anayeonekana akiandika peke yake. Usipitepite katikati ya madawati. Geukia ubao, andika tarehe, panga chaki. Kisha pitisha boksi, wakunje karatasi mara mbili na kutumbukiza wenyewe.

Usisome papo hapo. Waambie utarudi kesho, ukakae nazo usiku. Yenye kumtambulisha mtu yaweke kando, na hayo ndiyo ya kufuatilia kwa siri. Mengine yaandike upya kwa hati yako, maana hati za wenzao wanazijua, kisha vile vipande vichome. Kesho yake ukianza na maneno kama “mmoja wenu ameandika: kuna mtu ananiambia nisipomtumia hela ataiweka kwenye kundi la darasa,” utalisikia darasa likinyamaza. Nimeliona jambo hili shule za mjini na za vijijini. Hapigi mtu mluzi, kwa sababu wanajua mwenye maneno hayo amekaa humo humo.

Na wanayoyajua kukuzidi, waache wayaseme. Uliza: kwa nini video anazoletewa jirani yako TikTok sizo unazoletewa wewe? Watakujibu kwamba yeye anapenda mpira. Aliyeiambia programu ni nani? Hapo watabishana, na ubishi huo ni mzuri. Watafika wenyewe kwenye jibu kwamba inahesabu video uliyoitazama mpaka mwisho, uliyoirudia, uliyomtumia rafiki, hata kama hukubonyeza chochote. Kijana akishajua kwamba anapimwa, swali linalofuata huliuliza mwenyewe: anapimwa kwa faida ya nani? Ukiwa na muda, wape mdahalo wa umri. TikTok, Instagram na Facebook zinaruhusu kufungua akaunti kuanzia miaka 13, na Australia imepandisha hadi 16 tangu Desemba 2025. Kidato cha tatu wakigawanywa pande mbili watakushangaza kwa hoja.

Ukitoka, acha ubaoni namba 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto. Kuipiga ni bure. Usiifute.

*Habari za kazi, Shangazi. Mimi ni afisa maendeleo ya jamii wa kata, huku Tanga. Natakiwa kutoa elimu ya usalama mtandaoni kwenye vikundi vya VICOBA. Akina mama wanakuja kununua hisa na kurejesha mikopo. Nikianza kuongea, mweka hazina anahesabu fedha, watoto wanalia, simu zinaita, wengine wanaaga. Nikiuliza nani amewahi kutapeliwa, kimya kabisa. Wanajifanya hawajui kitu.*
*Afisa wa kata, Tanga*

Nzuri, mdogo wangu. Hawajifanyi. Umewauliza swali ambalo mwanamke hawezi kulijibu mbele ya watu wanaomkopesha. Akisema leo kwamba alitapeliwa laki mbili, wiki ijayo akiomba mkopo nani atamdhamini? Kwenye kikundi dhamana yake ni jina lake, nawe umemtaka alichafue mwenyewe kwa kunyoosha mkono.

Nikuambie nilichokuwa nakiona dirishani. Mtu anayetapeliwa nilimtambua kabla hajanifikia. Simu haishuki sikioni. Ameibana kwa bega, mkono mmoja una noti, mwingine una kipande cha karatasi chenye namba, na ukimsalimia haitikii, kwa sababu sauti iliyomo sikioni imemkataza kuongea na mtu. Namuuliza, “Mama, unamtumia nani?” Ananipungia mkono nifanye haraka. Fedha ikishaondoka, simu upande wa pili inakatwa, na hapo uso unabadilika. Wengi hawakulia. Walikunja ile karatasi ndogo, wakaniomba nisimwambie mtu.

Wanawake hao ndio unaozungumza nao. Wapo katika kila kikundi, na watakaa kimya mpaka uwape njia ya kusema bila kujivua nguo.

Njia ninayoitumia kwa watu wa umri wao ni DECI, ule mchezo wa upatu. Mtu mzima yeyote anaikumbuka, tulivyoambiwa tupande mbegu tuje tuvune, mpaka Serikali ikaisimamisha mwaka 2009. Miaka imepita, uchungu umepoa, na walioumia walikuwa wengi mno hata hakuna wa kumcheka mwenzake. Uliza tu, “Jamani, DECI mnaikumbuka?” kisha ukae chini. Kaa kweli, kwenye mkeka au kiti. Utasikia aliyeuza ng'ombe, aliyechukua ada ya mtoto, aliyemficha mume. Wakishachangamka uliza swali moja zaidi: siku hizi kwenye simu zenu, kipi kinafanana na ile? Wataanza kukutajia makundi ya kuwekeza, “kazi” za kubonyeza video ulipwe, na mikopo ya mtandaoni. Wewe hutakuwa umemtaja mtu.

Kwenye mikopo hiyo simama kidogo, maana inawala akina mama kimya kimya. Waeleze inavyofanya kazi. Ukipakua programu, inakuomba ruhusa ya kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako, nawe unakubali kwa sababu una haraka na hela. Ukichelewa kulipa, majina hayo ndiyo yanayotumiwa ujumbe: mkwe, mchungaji, bosi, mwenyekiti wa kikundi. Wanakopesha kwa kushika aibu yako rehani. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijiti zilizokuwa zikiendeshwa bila kibali chake. Waambie akina mama habari hiyo, ili anayetukanwa leo kwa meseji ajue kwamba kosa halikuwa lote lake.

Jingine la kuwafundisha ni moja tu, usirundike. Sanduku lao lina kufuli tatu na watunza funguo watatu, ili mmoja akiibiwa ufunguo fedha zibaki salama. WhatsApp nayo inakubali kufuli la pili. Mtu akimlaghai mweka hazina amtajie tarakimu sita zilizokuja kwa ujumbe, anaichukua akaunti yake na kuanza kuwaandikia wanakikundi, “naomba unikopeshe elfu hamsini nitarudisha jioni,” na kila mmoja anatuma kwa sababu anaona jina na picha ya mwenzake. Wafungue simu palepale, waingie Mipangilio, kisha Akaunti, waweke uthibitishaji wa hatua mbili. Mabinti walio na simu nzuri wawasaidie mama zao. Tarakimu zinazokuja kwa ujumbe hazitajwi kwa mtu yeyote, hata awe anajiita mhudumu wa mtandao.

Kuhusu muda, usishindane na fedha iliyo mezani. Subiri wahesabu, waandike kwenye madaftari, sanduku lifungwe. Mzungumzaji anayeiheshimu hesabu yao hupewa nusu saa ya masikio bila kuiomba.

*Shikamoo Shangazi. Najitolea na vijana wenzangu hapa Mbeya, tunatoa elimu ya mitandao kwenye vijiwe vya bodaboda. Wanatuuliza tumewaletea shilingi ngapi. Ukianza kuongea, macho yako barabarani, abiria akitokea wote wanawasha pikipiki.*
*Kijana, Mbeya*

Marahaba, mwanangu. Na wawashe, ndiyo kazi yao. Aliyeamka saa kumi na moja asubuhi na ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni hawezi kuachia abiria akusikilize wewe. Panga maneno yako yawe ya dakika tano, yanayoweza kukatwa katikati na kuanza tena kwa atakayerudi. Posho usitoe. Ukitoa leo, mwenzako wa kesho hatasikilizwa bila hiyo.

Anza na hela yao. Abiria ameshuka, anakuonyesha simu yake: “Nimeshatuma.” Au unaingia ujumbe kwenye simu yako kwamba umepokea elfu ishirini, kisha mtu anapiga akilia kwamba amekosea namba, umrudishie. Waulize wangefanya nini. Mmoja atacheka na kusema yalimkuta, bodaboda hawana haya sana wakiwa wao kwa wao. Mfundishe kutoutazama ujumbe, atazame salio. Ujumbe wa kitapeli mara nyingi umetumwa kutoka namba ya kawaida ya mtu, na salio halijaongezeka hata shilingi.

Kisha wasomee ule unaofahamika na kila Mtanzania mwenye simu: ile hela itume kwenye namba hii. Vijana huuliza nani mjinga wa kutuma. Waeleze kwamba ujumbe huo unarushwa kwa maelfu ya watu, na miongoni mwao siku hiyo wapo wanaosubiri kumtumia mwenye nyumba kodi, au kumtumia fundi, au kumtumia mama hela ya dawa. Kwa hao unafika wakati wake. Aliyetuma hakuwa mjinga, alikuwa anadaiwa. Ujumbe wa namna hiyo wautume kwenda 15040, namba ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano. Na kila mmoja apige *106# aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Hii ya mwisho wanaipenda mno, kijiwe kizima hubonyeza kwa pamoja, na mara nyingi yupo anayekuta laini asiyoijua.

*Tumsifu Yesu Kristo, Shangazi. Mimi ni kiongozi wa vijana parokiani, Bukoba. Tunaandaa semina za mitandao kwa wazazi na vijana pamoja. Kila mara yupo mzee mmoja anayeheshimika anayesimama mapema, anasema mitandao ni ya shetani na vijana wa siku hizi wamelaaniwa. Vijana wanatoa simu zao na kuanza kuchati. Semina inaishia hapo. Siwezi kumkatiza, ana umri wa babu yangu.*
*Kiongozi wa vijana, Bukoba*

Milele amina. Usimkatize. Mfuate nyumbani kwake siku chache kabla ya semina, bila haraka, ukubali chai. Mweleze unachotaka kufundisha, umuulize yeye anaogopa nini hasa. Nasema hasa, kwa sababu “shetani” ni neno kubwa, na nyuma yake kwa kawaida kuna jambo dogo lenye jina: mjukuu aliyebeti ada, binti aliyeondoka na mtu wa Facebook, yeye mwenyewe. Mzee mmoja aliyewahi kunivuruga mkutano hivyo hivyo, nilipomsindikiza baadaye aliniambia njiani kwamba sehemu ya kiinua mgongo chake aliitumia kwa mtu aliyejifanya ofisa wa mafao. Mkewe hajui mpaka leo. Baada ya mazungumzo yale hakunivuruga tena, ingawa hakukubaliana nami kwa mengi.

Ukishakunywa hiyo chai, mwombe afungue semina yeye. Mpe swali la kuwauliza vijana, kwa mfano: habari ikija, mnajuaje aliyeileta ni mkweli? Wazee wanalijua jambo hilo vizuri. Taarifa ya msiba ilipofika kijijini, mjumbe alitajwa kwa jina na kwa ukoo, na aliyemtuma alitajwa. Kisha wewe uendeleze kwa kuwaonyesha wote, wazee kwa vijana, mishale miwili midogo inayotokea juu ya ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara nyingi. Tangu Aprili 2020 ujumbe wa namna hiyo unaweza kuusambaza kwa kundi au mtu mmoja tu kwa mara moja. Kampuni iliweka kizuizi hicho wakati wa korona, uvumi ulipokuwa ukienda kasi mno. Ukiona mishale hiyo, jua kwamba aliyekutumia si aliyeandika, na huenda hata hamjui aliyeandika.

Hapo vijana na wazee watajikuta upande mmoja, kwa kuwa meseji za “tuma kwa watu kumi upate baraka” huzisambaza zaidi wazazi, na video za uongo huzisambaza zaidi watoto. Mwambie kila kijana akae na mzazi, si lazima wake, wafungue simu ya mzazi na kutafuta ujumbe mmoja wenye mishale miwili. Waulizane: nani kasema, wapi, lini? Wape robo saa. Kijana akiwa ameshika simu ya mtu mzima anayemheshimu hachati.

Simu zao usizikusanye mlangoni. Ukumbi ulionyang'anywa simu unakaa kimya, unamsubiri mzungumzaji amalize.

*Shangazi, naomba unitumie slaidi zako na jina la projekta nzuri ya bei nafuu.*
*Msomaji, Singida*

Slaidi sitengenezi, ndugu yangu. Umeme ukikatika, mzungumzaji wa slaidi anabaki ameshika waya, na hata ukiwepo, watu hutazama ukutani badala ya kutazamana. Nunua karatasi za manila na kalamu nene mbili, nyeusi na nyekundu. Juu yake andika maneno ya meseji za kitapeli kama yalivyo, na makosa yake ya herufi, kwa ukubwa unaosomeka kutoka mlangoni. Usibandike kamwe picha ya mtu wala namba halisi. Hadhira ikusaidie kupiga mstari mwekundu chini ya neno linaloharakisha: “sasa hivi,” “usimwambie mtu,” “kabla ya saa sita.” Maneno hayo hayakosekani.

Toleo lijalo nitajibu wazazi wanaouliza mtoto apewe simu akiwa na umri gani. Barua zimekwisha kuanza kufika.